Mhadhiri Asiyevaa Kofia

Wamesifiwa wengi katika udaktari. Kasifiwa Hippocrates wa Ugiriki, kasifiwa Ibn Sina, na kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, anasifiwa Florence Nightingale na taa yake. Sijapata kumsikia mhitimu aliyesimama kwenye mahafali akamshukuru dereva wa bodaboda. Huu ni utovu wa fadhila. Kwa kuwa wakubwa wangu wamekaa kimya, naomba mimi, daktari mtarajali wa hapa Arusha, mwenye usajili wa muda na macho mekundu, nimpe mwalimu wangu sifa anazostahili angali hai.

Chuoni nilikaa miaka 5. Mfupa wa muundi niliusoma kwenye picha, nikaukariri kwa Kilatini, nikafaulu mtihani, kisha ukaniponyoka. Muundi wenyewe, mweupe, umetoboa ngozi na bado una tope jeusi la barabara ya Ilboru, nilionyeshwa na bodaboda saa nane ya usiku, bila projekta wala slaidi. Tangu hapo haujaniponyoka tena. Mwaka 1976 madaktari wawili wa Marekani, Gustilo na Anderson, waliipanga mivunjiko ya namna hiyo katika madaraja matatu. Kitabu kinatoa maelezo ya kila daraja. Bodaboda anatoa mifano hai: la kwanza kaniletea kutoka Kijenge, la pili kutoka Sakina, na la tatu alilitafuta mwenyewe kwenye barabara ya Namanga, alipobishana na fuso.

Tena mhadhiri huyu hajui mgomo. Sisi tunaujua. Januari 2012 watarajali wa Muhimbili walisusia kazi wakidai posho zao, na mgogoro ule wa madaktari ukaendelea kutokota hadi katikati ya mwaka. Bodaboda alifundisha mwaka ule mzima, masika na kiangazi, na posho yake hakuna aliyeiulizia.

Mwaka wa utarajali unatuzungusha katika idara za upasuaji, watoto, wazazi na magonjwa ya ndani. Waliopanga utaratibu huo waliamini kila idara ina bingwa wake. Hawakujua kuna bingwa wa zote. Upasuaji ni nyumbani kwake, sina haja ya kueleza. Wodi ya watoto huichangia visigino. Mtoto amepakiwa nyuma ya mama yake, miguu haifiki kwenye vikanyagio, inaning'inia. Gurudumu linazunguka, na spoku hazina mtoto wala mtu mzima. Kisigino kinachotoka humo kimemenyeka, na mwenyewe analia kwa mawili: maumivu, na kiatu cha shule kilichobaki Kwa Mrombo.

Katika wodi ya wazazi ndipo ninapomvulia kofia, maana yeye hana ya kuvua. Serikali imeweka mfumo wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, gari linatumwa. Lakini kuna vitongoji huku kwenye miteremko ya Meru, juu kule Nkoaranga na kwingineko, ambako masika yakishika njia inakuwa utelezi mtupu, na uchungu hausubiri gari. Hapo utamwona bodaboda anateremka kwa gia ya kwanza, miguu yake yote miwili inaburuza ardhini, nyuma yake mama mjamzito, na nyuma ya mjamzito yuko mama mkwe amemkumbatia mkazamwana kwa nguvu zote. Mshikaki huo trafiki huwa hauoni. Wakichelewa, mimi naandika kwenye rejista kwamba amejifungulia njiani, na dereva anabaki nje ya geti akiosha siti kwa maji ya chupa. Nauli hajalipwa. Ataifuata keshokutwa, na pengine atapewa kuku.

Magonjwa ya ndani nayo hakuyaacha. Mzee wa kisukari aliyelegea, asiyeweza kukaa wima, hufungwa kwa shuka, mgongo wa dereva na kifua cha mzee vikawa kitu kimoja, safari ikaanza. Wakifika, kazi ya kwanza ya daktari ni kufungua fundo. Hilo sikulikuta katika kitabu chochote, na sasa nalifungua kwa mkono mmoja huku wa pili ukitafuta mshipa.

Jiji lenyewe amelitia alama. Zamani mtu wa Arusha ulimtambua kwa meno ya kahawia, kazi ya floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na kuingia katika maji ya kunywa. Siku hizi mtazame pia upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia. Ukiona kovu la mviringo, jeusi, saizi ya kifuniko cha chupa, huyo amewahi kuteremka kwenye pikipiki kwa haraka na ekzosti ikampigia muhuri. Akina dada wengi wanao. Wengine wanauficha kwa soksi, nami nasema wauache wazi, ni uraia.

Sheria pia amenifundisha. Nilipokuwa chuoni nilidhani PF3 ni karatasi ya polisi inayowahusu polisi. Kumbe mwenye kuijaza ni mimi. Mgonjwa wa dharura hahudumiwi kwa fomu, anahudumiwa kwanza. Ila mapema au baadaye ile fomu ya polisi itafika, imekunjwa mara nne na ina jasho la shemeji, nami nitatakiwa kuandika jeraha ni la aina gani na limesababishwa na nini. Miezi ikipita, unaitwa mahakamani kuueleza mwandiko wako mwenyewe. Wakili anakuomba usome mstari wa tatu. Unautazama, nao unakutazama. Tangu nianze kujaza PF3 mwandiko wangu umekuwa mzuri, jambo ambalo mwalimu wangu wa darasa la nne alilishindwa kwa fimbo.

Lakini somo gumu kuliko yote ni la fahamu. Mwaka 1974 Teasdale na Jennett, kule Glasgow, walitunga kipimo cha fahamu ambacho dunia nzima inakitumia: unapima macho, kauli na mwitiko wa viungo, 15 kwa aliye timamu, 3 kwa asiyeitika chochote. Nina hakika hawakukitunga wakiwaza gongo. Viroba vya pombe vimepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017, ila gongo haikulisoma tangazo. Basi Ijumaa ya mwisho wa mwezi analetwa dereva, ana uvimbe kisogoni, ananuka mtungi mzima. Namwuliza yuko wapi. Anajibu, "Dubai." Kwa mujibu wa kitabu huyo kachanganyikiwa, nampunguzia alama ya kauli. Muuguzi wa zamu, mama aliyekula chumvi nyingi humu ndani, ananisogelea: "Dokta mwanangu, Dubai ndiyo kijiwe chao." Nikamrudishia alama yake, na kitandani nikamwacha palepale hadi asubuhi, maana gongo na damu kwenye ubongo hufanana mpaka kunakucha.

Kijiwe kikisikia mwenzao kaanguka, hakiji mtu mmoja. Kinakuja kijiwe. Pikipiki zinapangana nje ya geti, askari wa mlangoni anapiga kelele, vikoti vya kuakisi mwanga vinajaa ukumbini. Mwenyekiti anafungua daftari la michango palepale, elfu mbili, elfu tano, fulani ataleta kesho, na kabla sijamaliza kusafisha kidonda fedha ya dawa imepatikana. Ukoo wa mgonjwa uko Singida na simu haipokelewi. Ukoo wake wa hapa ni huu wenye honi.

Kisha naomba damu, na hapo kimya kinaingia. Vijana wasioogopa fuso wanaogopa sindano. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Dokta, unene wake ukoje?" Hata hivyo hujitokeza. Masharti ni kwamba mchangiaji awe na kilo zisizopungua 50, na mmoja wao, kijana mwembamba wa Sombetini, alipanda mzani, mshale wake ukisema hamsini kamili. Muuguzi akamtazama mkononi, akamwambia aiweke chini ile kofia ngumu. Kilo ya hamsini ilikuwa ni kofia.

Nayo kofia hiyo ilikuwa imevishwa kiwiko. Hili nalo ni la kusifiwa: katika mwili mzima wa dereva wa Arusha, kiungo kinacholindwa kuliko vyote ni kiwiko. Sijapokea hata kimoja kilichopasuka ndani ya kofia. Vichwa ni habari nyingine. Kofia ya abiria ipo pia, imening'inizwa kwenye usukani, ila abiria ana hoja zake: ina jasho la watu, ina mba, na nywele zimetengenezwa saluni jana kwa elfu thelathini.

Wanaodhani hasara hizi hazina faida wasome habari za T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1935 alianguka na pikipiki huko Dorset akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, kichwa kikiwa wazi, akafa baada ya siku sita. Kati ya madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka Cairns akilini. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake kuhusu kofia za waendesha pikipiki wa jeshi, na jeshi la Uingereza likawalazimisha kuzivaa. Kwa hiyo kofia ngumu ni zawadi ya pikipiki kwa wanadamu. Sisi wa Arusha tunaitunza zawadi hiyo isichakae.

Wapo wanaomlaumu mwalimu wangu kwamba anakimbia mno. Hawaijui hesabu. Pikipiki si yake, ni ya bosi. Kila jioni hesabu ya bosi lazima itimie, mafuta yatolewe, ndipo kinachobaki kiitwe chakula. Nimewaona wodini, mguu umewekewa vyuma vya nje vinavyochomoza kama antena, simu sikioni, wakimbembeleza bosi asimpe mtu mwingine chombo. Umri wao ni umri wangu. Usingizi wao ni usingizi wangu. Na anayemharakisha barabarani asubuhi, anayempiga bega akisema "wahi bwana, nimechelewa," ni abiria, na mara nyingi abiria huyo ana stetoskopu mfukoni.

Mwisho wa mzunguko wa upasuaji tunajaziwa kitabu cha kumbukumbu za kazi: mivunjiko uliyoirudisha, vidonda ulivyosafisha, plasta ulizofunga, na mwishoni pana nafasi ya sahihi ya mwalimu. Changu kilijaa kabla ya muda. Mwalimu aliyestahili kukitia sahihi alikuwa kitanda cha dirishani, anakula makande ya mama ntilie kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye plasta niliyoifunga mwenyewe. Akasaini daktari bingwa.