Usizike Altaneta Kabla Haijafa

Kirumba, Mwanza, gari likigoma kuwaka alfajiri, msiba huanza hapo hapo. Majirani wanakusanyika, kila mmoja na hukumu yake. Wa kwanza anasema betri. Wa pili anasema stata. Wa tatu anaegemea boneti na kutangaza, "Hiyo altaneta imekufa bosi, tafuta nyingine." Hakuna aliyegusa hata nati moja, lakini mchango wa mazishi umeshaanza kupangwa, na mchangaji ni wewe peke yako.

Kabla hujalia, pima.

Dalili mara nyingi zilikuwepo tangu jana. Kwenye foleni ya Barabara ya Makongoro taa za mbele zilififia, ukikanyaga mafuta zikang'aa. Taa nyekundu yenye picha ya betri ikachungulia kwenye dashibodi na wewe ukaongeza sauti ya redio. Taa hiyo ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, maana yake unatembelea akiba ya betri. Zima redio, zima kiyoyozi, nenda moja kwa moja kwa fundi, na usizime injini njiani.

Chombo unachohitaji ni mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya mkononi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 imekauka. Sasa washa injini. Mita ikipanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inafanya kazi, na anayekuambia ununue nyingine mwombe akuonyeshe alichokipima. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, hakuna chaji. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia umeme na betri inachemshwa. Utasikia harufu ya mayai viza. (Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayopanga chaji huweza kushuka kidogo kwa muda, kwa hiyo usihukumu kwa namba ya dakika moja.)

Na hapa nasema kwa uchungu: usikubali mtu achomoe waya wa betri injini ikiwa inawaka, eti gari lisipozima basi altaneta ni nzima. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka, na dayodi, regyuleta, hata kompyuta ya gari vinaweza kuungua kwa sekunde moja. Umefika na ugonjwa mmoja, unaondoka na matatu.

Chaji ikiwa haipo, anza na vya bei ndogo. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba: ukilegea au ukipiga kelele asubuhi, altaneta inazungushwa nusu nusu. Angalia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme, na maji ya moto yenye magadi kidogo huuondoa. Fuata waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Madereva wanaobeba kayabo, samaki wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni wanajua chumvi inavyokula chuma, na gari linalooshwa kwa maji ya presha mpaka ndani ya injini hujaza maji pale pale pasipotakiwa maji.

Vyote vikiwa sawa, ndipo altaneta ishuke. Toa kwanza waya hasi wa betri, maana ule waya mnene wa nyuma ya altaneta una moto muda wote. Spana ikigusa bodi utaona cheche. Piga picha njia ya mkanda kwa simu.

Mimi nilinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa neno la fundi ambaye hakuwahi kushika mita. Mara ya tatu nikampelekea altaneta mzee mmoja mwenye benchi la mbao. Alitandika gazeti, akafungua kifuniko cha nyuma, na unga mweusi ukamwagika juu ya habari za michezo. "Njoo uone, mwanangu." Kaboni mbili, vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye rota, zilikuwa zimelika mpaka zimebaki kama punje za mchele. Akasugua pete za shaba kwa msasa laini, akazungusha beringi karibu na sikio kusikiliza kama zina sauti ya mchanga, akapima dayodi sita moja moja: umeme upite upande mmoja tu. Kisha akanusa koili. Vanishi ikiungua, harufu yake haijifichi, na hapo ama unatafuta fundi wa kusuka, ama unanunua nyingine.

Ukilazimika kununua ya mtumba, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha ampea zilizoandikwa kwenye kibati, idadi ya pini za soketi, mifereji ya puli na matundu ya kufungia. Tikisa shafti, ikicheza, rudisha. Dai izungushwe kwenye benchi na ipimwe mbele yako kabla hujatoa hela.

Yangu haikuhitaji hayo. Mzee alichomelea kaboni mpya kwa risasi, akafunga nati ya mwisho, akaniambia niwashe. 14.2. "Washa taa zote na feni." 13.9, ikatulia hapo hapo. Alifuta mikono, akazifunga kaboni zile kuukuu kwenye kipande cha gazeti na kunipa, nimwonyeshe yule fundi aliyenifanya ninunue betri.