Shanta Zito, Mfuko Mwepesi
Safu ya Somo wa Wasafiri, Mkwaja

Wenzangu masomo hufunda wali chumbani. Mimi ndoa za watu zilinichosha mapema, kwa kuwa anayeomba ushauri wa ndoa huwa ameshaamua. Msafiri ni afadhali: akipotea, anasikiliza. Basi nimekaa hapa Mkwaja, kati ya Pangani na Saadani, bahari upande mmoja na tembo upande wa pili, nawafunda hawa wanaotaka kuizunguka Afrika kwa basi, lori, mashua na bodaboda kwa pesa ya vocha. Barua nimezifupisha. Salamu za ukoo mzima nimeziondoa, machozi pia.

"Shikamoo Somo. Nasoma chuo hapa Tanga. Nimeona video za vijana wa Ulaya wanaozunguka dunia bila hela. Mimi nina laki mbili kabisa. Nataka kufika nchi tano kabla chuo hakijafunguliwa. Nianzie wapi?" Jasiri wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Anzia uhamiaji. Pasipoti ni shilingi 150,000, kwa hiyo umebakiwa na elfu hamsini, na ukizigawa kwa nchi tano unapata elfu kumi kila nchi. Rwanda si kubwa, huenda zikakutosha kufika katikati.

Ipo njia ya nafuu. Ukikubali kubaki ndani ya Afrika Mashariki, uhamiaji hutoa hati ya dharura ya safari, na bei yake haiikaribii ya pasipoti. Usisahau chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha, kwa hiyo kadi hiyo ya njano itakutumikia hadi uwe na wajukuu. Ila uchanjwe hospitalini. Mpakani hakosekani mtu mwenye mhuri na kalamu anayechanja bila sindano.

Sasa hilo la "bila hela". Yule kijana wa kwenye video ana kadi ya benki ndani ya soksi, ana bima ya kumrudisha kwao akivunjika mguu, na ana mama atakayepokea simu saa nane za usiku. Anayesafiri bila hela kwelikweli tunamfahamu, maana hupitishwa mkoani kwetu: ni yule Mhabeshi aliyelazwa chini ya turubai la lori akielekea Afrika Kusini. Huyo akikamatwa haitwi mtalii, na hakuna anayeomba kupiga naye picha.

Nenda Kenya tu. Panda gari la asubuhi hadi Horohoro, vuka Lunga Lunga, ufike Mombasa kabla ya magharibi, kwa sababu gesti inayochaguliwa kwa mwanga wa jua si ile inayochaguliwa kwa tochi ya simu. Asubuhi kula mahamri na mbaazi. Kaa wiki nzima. Ukirudi utakuwa na nchi moja uliyoijua na nne za kuwadanganyia wenzio bwenini.

"Habari za siku nyingi, Bibi Somo. Mimi ni raia wa Uholanzi, ninasafiri kwa nchi kavu kutoka Cairo kuelekea Cape Town. Kitabu changu cha mwongozo kinasema kwamba barani Afrika bei zote hujadiliwa. Nilijadiliana na mama lishe mmoja kuhusu wali na samaki, nikafanikiwa kupunguziwa shilingi mia tano. Hata hivyo nilipewa kichwa cha samaki. Je, nilimkosea?" Mwenye Shanta la Lita Sabini

Mjukuu wangu, Kiswahili chako ni safi kuliko cha wengi wanaoniandikia kutoka mjini. Kuhusu kichwa, ondoa shaka. Kichwa cha changu si adhabu. Ungejua kukifyonza, ungeongeza pesa.

Kosa lako ni lile la mia tano. Hicho kitabu kitupe, au mpe mama huyohuyo awashie moto. Huku kuna vitu vina bei ya kusemezana na vingine havina. Khanga, kinyago, mkeka, samaki mbichi mnadani: semezana mpaka koo likauke, wenyewe tunafurahia. Bodaboda: patana kabla hujapanda, maana ukishafika yeye ndiye mwenye bei. Nauli ya basi imepangwa na LATRA, kwa hiyo ukitajiwa nyingine, muulize abiria wa jirani kwa sauti ya kumfikia konda. Lakini chakula kilichokwisha kuiva hakisemezwi. Yule mama ameamka alfajiri, amenunua mkaa, nazi na samaki kwa bei ya leo, na faida yake katika sahani yako ndiyo hiyo mia tano uliyoondoka nayo.

Na nikuulize jambo. Viza ya kuingia Tanzania ulilipa dola 50. Ulimwambia ofisa, "Mwisho kiasi gani, rafiki?" Shirika la ndege lililokufikisha Cairo uliliomba likupunguzie kwa kuwa wewe ni mteja wa asubuhi? Hukuthubutu. Ubahili wako una adabu mbele ya wakubwa, unakuja kuchangamka mbele ya mama lishe. Nasikia wenzako huko Asia ya Kusini-Mashariki wamevuka hata hapo, wanakaa kando ya barabara na kibao wakiomba wapita njia wawachangie safari. Ukifikia hatua hiyo usije kwetu. Nafasi ya kuomba hapa ina wenyewe, na wana uzoefu.

Rudi kwa mama, kula sahani mbili, lipa za tatu.

"Somo shoga yangu, nimechoka. Kijana wa kizungu aliomba kupiga hema uani kwangu usiku mmoja. Leo wiki ya tatu. Anakula nasi, anasema anajifunza maisha halisi. Mume wangu ananiambia nimpe jembe siku ya tatu kama wahenga walivyosema. Nilimpa." Mama Uani, Mkwaja

Shoga, natabiri yaliyofuata. Alilipokea kwa mikono miwili, akalima tuta moja, akamwomba mwanao amrekodi, na sasa amepata sababu ya kukaa wiki ya nne. Wahenga walitunga dawa hiyo kabla ya simu yenye kamera. Mgeni wa zamani alilikimbia jembe. Wa siku hizi analitafuta, na huko mjini kuna wanaolilipia.

Tanga tunasifiwa kwa "waja leo waondoka leo", lakini sifa hiyo haikuandikwa kwa watu wenye hema. Fanya hivi. Kesho baada ya chai mpeleke kwa mtendaji wa kijiji aandikwe kwenye daftari la wageni, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza, na hapo umelaumika kidogo. Aulizwe anaondoka lini, tarehe iandikwe kwa wino. Kisha mkae wewe naye mpige hesabu ya unga, sukari na kuni, bila hasira, kama mnavyopiga hesabu za kikoba. Wengi wao si wabaya. Hakuna aliyewaambia kwamba chakula cha bure kina mtu aliyekinunua. Akilipa, mpe siku mbili za heshima na umwonyeshe linakosimama gari la Pangani.

"Nataka kutembea ufukweni kutoka Mkwaja hadi Saadani ili nikwepe kiingilio cha hifadhi. Nimenunua suruali ya bluu iliyokolea na fulana nyeusi nisionekane." Mjanja, Muheza

Utaonekana na wote usiotaka wakuone. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiyo pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi, na simba wake hawajaarifiwa kwamba ufukwe ni mahali pa mapumziko. Humo hutembei bila kibali na askari mwenye bunduki. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na hakilingani na bei ya mguu.

Hiyo suruali ndiyo imenichekesha. Mbung'o hupenda bluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Wewe unatembea ukiwa mtego usio na dawa. Waulize waliofanya kazi ranchi ya Mkwaja, iliyoanza miaka ya 1950: ng'ombe waliishi kwa sindano za kuzuia nagana, ugonjwa wa mbung'o, mpaka ranchi ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake kuingizwa hifadhini. Ng'ombe waliondoka, mbung'o wamekaa. Vaa kaki. Lipa getini.

"Assalamu alaykum, Bi Somo. Mimi ni mvuvi wa Kojani, Pemba. Kila kaskazi tunakuja dago huku bara, miezi kadhaa, tunalala chini ya makuti na tanga la mashua. Juzi mwanangu msomi ananiambia: baba, wewe ni msafiri wa gharama nafuu, watu wanaandika vitabu kwa maisha haya. Nikamwambia mimi natafuta samaki. Yupi kati yetu kasema kweli?" Mwenye Mashua Kuukuu

Waalaykumu ssalamu, kaka yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma nimesimama.

Mwanao kasema kweli, ila kachelewa kugundua. Watu wa Kojani mnajulikana pwani yote hii mpaka Kenya. Mnaondoka kwa pepo, hamna tiketi. Mnabeba unga, chumvi na chandarua, mengine yanatoka majini. Mkifika hampigi kambi kabla ya kuonana na wakubwa wa kijiji, barua ya sheha mkononi, na mnajua kisima ni cha nani kabla hamjatumbukiza ndoo. Huyo wa lita sabini anayenisumbua kuhusu kichwa cha samaki angekaa nanyi bamvua moja tu, asingeniandikia tena.

Wala hamkuanza ninyi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani na Saadani kwenda bara, wapagazi wakitembea miezi na miezi na pembe za ndovu mabegani. Waingereza Burton na Speke walifika Pangani mwaka 1857, wakapanda hadi Usambara, wakarudi na homa. Wao waliandika, waliowabebea mizigo hawakuulizwa safari ilikuwaje. Wachache tu wa kwetu ndio maneno yao yalibaki. Kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, kina Selemani bin Mwenye Chande akisimulia njia ya bara hadi Tanganyika, na kina Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani mwingine, Dk. Bumiller. Siberia, kaka yangu! Halafu naletewa barua hapa eti Mswahili hana utamaduni wa kusafiri. Anao. Alichokosa ni mtu wa kumwita msafiri badala ya kibarua, mpagazi, mvuvi au mchuuzi.

Kwa hiyo mwambie mwanao aache kukusifu na afanye kazi. Aje dago na daftari. Aandike pepo zilivyogeuka, bei ya ng'onda, mahali maji ya kunywa yanapopatikana, na nani alikataa kuwapa. Picha ya jua likizama baharini asihangaike nayo; huku linazama porini.

"Somo, nauza vitumbua hapa Mkwaja. Wateja wangu wazuri ni waliokwama. Masika udongo mweusi unawashika, wanakaa saa tatu, wanamaliza beseni. Sasa tunaambiwa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, na daraja la mita 525 mtoni Pangani. Watapita kama upepo. Nitakula nini?" Mama Vitumbua

Mwanangu, matope yalikuwa mtaji mzuri lakini hayakuwa yako peke yako. Yaliwashika pia wajawazito waliokuwa wakikimbizwa hospitalini. Acha lami ije. Umesafiri kwenda Segera? Umeona mahali machungwa yanaponunuliwa? Gari linapopunguza mwendo. Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji, wenzio wakisimama kudai kituo cha basi, wewe simama udai tuta. Kituoni dereva husimama akitaka. Kwenye tuta hana hiari, na mbele ya shule na zahanati hakuna atakayekubishia.

Tuta likishajengwa, kaa upande wa kushoto kwa wanaokwenda Tanga, hao ndio wametoka mbali na njaa. Upande wa pili mweke binti yako. Vitumbua viwe vinne vinne kwenye karatasi, bei moja, chenji mkononi. Na wapimaji wa barabara wakipita wiki ijayo, wauzie kwa bei ya kawaida, uwaulize taratibu tuta litakaa wapi, wakati wanatafuna.