Hakimu na Doriani

Marikebu kubwa za watalii zinapofunga gati Malindi ya Unguja, soko la Darajani hupata habari mapema kuliko maofisa wa forodha. Na aghalabu utawakuta wauza viungo wamekwisha panga vifurushi vya karafuu, hiliki na kungumanga, na kando yake ile manjano ya siku zote, ambayo asubuhi hiyo, kwa rehema za Mola, huamka ikiitwa zafarani. Soko hilo lilijengwa mwaka 1904, zama za Sayyid Ali bin Hamud, na tangu hapo halijaona sababu ya kufanya haraka. Mgeni wa meli, maskini, hana ila saa chache.

Mgeni niliyepewa kumtembeza alikuwa mzee wa Kiingereza, hakimu mstaafu, aliyefuatana na mkewe. Alikuwa amesoma kitabuni kwamba Unguja hakinunuliwi kitu bila ya kupatana bei, akaishika kanuni hiyo kwa ghera ya mtu aliyehukumu watu umri wake wote. Mnada wa samaki tuliupita mbio, maana bibi alikwisha ziba pua kwa leso. Tukafika kwa muuza doriani, na hapo mzee akasimama.

Muuzaji akataja bei. Hakimu akatoa robo yake, kisha, kwa mazoea ya kazi, akataka aelezwe hoja za zile robo tatu zilizobaki. Muuzaji, mtu wa adabu, akampa kigoda, akaeleza kwa taadhima kwamba mti umepandwa na babu yake, kwamba mvua zimekuwa haba, na kwamba gari la shamba halichukui mzigo bure. Hakimu akaomba shahidi. Jirani aliyekuwa akiuza ndizi mkono wa tembo akala yamini, wallahi, kwamba mdoriani ule haukupandwa na babu wa huyu bali na babu yake yeye, na kwamba mirathi yake haijagawiwa hata leo! Papo hapo wacheza bao wakaziacha kete zao, muuza ukwaju akatoa nasaba za pande zote mbili hadi mababu wa mababu, na wengine wakashauri aitwe kadhi.

"Mume wangu," akauliza bibi, "ulitaka tunda au shamba?"

Mwisho hakimu alilipa bei ile ile ya kwanza, nusu kwa muuzaji na nusu kwa jirani, amana mpaka mirathi itakapoamuliwa, na soko zima likamsifu kwa insafu yake.

Tukarudi bandarini alasiri na doriani ndani ya kikapu cha ukili, watu wakitupisha njia pasipo kuombwa. Chini ya ngazi ya meli, kijana mlinzi alinusa mara moja tu, akasema tunda hilo haliingii chomboni. Hakimu akadai hoja; kijana hakuwa na hoja wala kigoda. Honi ikalia. Hamali mmoja, kwa huruma, akatoa kisu, na mzee akaketi juu ya kreti akala doriani lote peke yake, kokwa baada ya kokwa, uso ukimnawiri.

Amri ya meli ilitimizwa, kwani tunda halikupanda. Harufu ilipanda kwa miguu yake. Naye bibi, kabla ya kumfuata mumewe, alinivuta kando akaniuliza, kwa adabu kubwa, kama ipo marikebu nyingine inayoondoka jioni ile.