Ziwa la Trauti Halina Lami

Mtu aliyekulia Mwanza hafundishwi kutafuta ziwa. Ukishuka Kirumba liko pale, ukipanda Capri Point liko pale. Ukigombana nyumbani ukatoka kwenda kokote tu, utalikuta. Halafu maisha yakanitupa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kwenye maziwa na mabwawa elfu sita hivi, na jirani ambaye mgongo umemstaafisha akanigawia kayaki yake ya plastiki. Maji tele, chombo cha bure. Kilichobaki ni samaki, na hapo ndipo penye kazi.

Nimtakaye ni trauti wa vijito. Mgongo wake ni wa kijani wenye michirizi iliyojipindapinda, ubavuni ana vidoa vyekundu vilivyozungushiwa buluu, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe, utadhani fundi cherehani ameyapiga lesi. Basi uzuri huo una maringo yake. Maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi anahangaika, anazama kilindini au anajibanza penye chemchemi. Majirani nao hawataki. Mtu akimwaga samaki aina ya besi ziwani kwa siri, baada ya miaka trauti hubaki kwenye hadithi za wazee. Sisi wa Mwanza hilo hatuelezwi: sangara alipoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu, samaki wa humo, walikiona cha mtema kuni.

Idara ya uvuvi ya jimbo hutoa ramani za maziwa, zenye kina na aina za samaki waliomo. Huwa nazisoma hadi usiku wa manane, mke wangu akiamini nashughulikia kodi. Kwa kifupi, ziwa lenye maegesho ya lami, choo safi na mteremko wa saruji wa kushushia boti ni la besi. La trauti liko mwisho wa barabara ya kusombea magogo, ambako malori hayakupishi hata kidogo, kisha ubebe kayaki begani kwenye matope ukisindikizwa na usubi. Usubi wa Maine mwezi Juni hawaumi. Wanakula.

Mwaka jana nilikwenda na shemeji yangu, aliyekuja kututembelea. Ziwa tulilolenga linaitwa Mud Pond. Jimbo hili lina utitiri wa Mud Pond, na simu ikajichagulia ya kwake: dimbwi la kahawia, na kinyesi cha musi (moose) kila mahali. Tukageuza gari.

Njia ya ziwa la pili ilipita kwenye msitu wa mtu, na mwenyewe alikuwepo, na mbwa. Kwa sheria ya huku, yenye mizizi ya miaka ya 1640, ziwa la asili la ekari 10 au zaidi ni la umma, na unaruhusiwa kukatiza kwa miguu ardhi ya mwenzio isiyoendelezwa ili ulifikie. Shemeji, ambaye nilikuwa nimemsimulia hayo garini, alimweleza yule mzee yote kwa Kiingereza cha mahakamani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina neno," akasema, "ila mbwa hajaisoma hiyo sheria."

Kisha akatuonyesha njia ya mkato, mbwa akatangulia.

Ufukweni kulikuwa na kibao: hapa huvuliwa kwa nzi wa bandia tu. Shemeji akautazama mkebe wa nyungunyungu aliowachimba tangu alfajiri, akawamwaga mmoja mmoja kwenye majani, kwa uchungu.

Kayaki ni ya mtu mmoja, kwa hiyo yeye alibaki nchi kavu akijipiga makofi. Mimi nilikuwa na shida zangu. Ukishika kasia huvui, ukishika fimbo hupigi kasia, na upepo unalijua hilo. Nanga yangu ilikuwa jiwe ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu. Wavu ukachanika, jiwe likaenda zake, nikasukumwa mkia mbele hadi kwenye mayungiyungi, nzi wa bandia akiburutwa nyuma bila mwenyewe kumwangalia. Hapo ndipo trauti alipouma.

Nilimleta ufukweni kwa heshima zote, yuko majini bado, urefu wake kiganja na vidole viwili. Shemeji akainama, akamkagua kichwa hadi mkia.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Shemeji, huyu kwetu ni chambo cha sangara."