Mwongozo wa Usalama kwa Jioni ya Historia na Vichekesho

Ndugu mtazamaji, vituo vya runinga vya Kenya vina mtego mmoja vinaoupenda sana kuutega siku za sikukuu za kitaifa: makala ya historia kwanza, vichekesho vya zamani baadaye, na matangazo ya sabuni katikati. Wengi wameketi kwa nia njema wakainuka wamekosana na mashemeji. Soma maagizo haya kabla hujawasha.

1. Kagua sebule. Jua rimoti iko mikononi mwa nani. Jua pia ni nani aliyezaliwa kabla ya 1962, mwaka runinga ilipoanza nchini, maana huyo ndiye hatari kuu. Mzee wa umri huo hatazami makala, huyasahihisha. Usimwulize kama alikuwepo. Alikuwepo. Asipokuwepo yeye, alikuwepo binamu yake.

2. Jihadhari na sauti nzito. Msimulizi wa makala ya historia hajawahi kukosea, na sauti yake inakukumbusha hilo. Msikilize kwa adabu, kisha ujiulize ni nani aliyelipia. Mwaka 1986 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alilieleza bara letu kwa sehemu 9 katika The Africans: A Triple Heritage, kazi ya BBC na kituo cha WETA cha Marekani. Lynne Cheney, aliyeongoza mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia fedha, aliona nchi za Magharibi zimelaumiwa kupita kiasi, akataka jina la mfuko huo liondolewe. Kwa hiyo yale majina yanayopita mwishoni, wewe ukiwa umekwenda kunywa maji, ni sehemu ya hadithi. Rudi uyasome.

3. Ukifika kwenye mauaji, nenda jikoni. Makala yoyote ya siasa za Kenya lazima yapite 1965 alipouawa Pio Gama Pinto, 1969 Tom Mboya, na 1975 J.M. Kariuki. Hapo kila aliye sebuleni ana muuaji wake, na ushahidi wote umetoka kwa dereva wa mtu fulani. Usiunge mkono upande wowote. Kaangalie chai, hata kama imekwisha kunywewa.

4. Usiamini sauti kwa sababu unaipenda. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ndiye aliyetufunza adabu katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka studio za Sauti ya Kenya na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu waliikomboa stesheni, na sauti ileile ikatangaza kwamba serikali ipo. Mtangazaji anaposoma habari kubwa, tazama aliyesimama nyuma yake, na ameshika nini.

5. Vichekesho vikianza, usilegee. Hapa ndipo wengi huumia. Katika Vitimbi atatokea Mzee Ojwang' na Kiswahili chake cha lafudhi ya Kijaluo. Mjomba atakuapia kwamba anamjua, ni wa kwao kabisa. Usimweleze kwamba muigizaji wake, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Amani ya familia ni bora kuliko ukweli, angalau hadi wageni waondoke.

Kisha Vioja Mahakamani. Makala yalikuonyesha waliotia saini mikataba. Hapa utamwona Ondiek Nyuka Kwota kizimbani, akijitetea mbele ya hakimu kwa kesi ambayo hakuna mwanahistoria angeiandika. Namna mnyonge anavyojieleza mbele ya mkubwa, anavyobembeleza na anavyokwepa swali, ni historia ambayo msimulizi mwenye sauti nzito huwa haifikii.

Hata hivyo, usije ukaukabidhi ukweli wote kwa kichekesho. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, nacho kilikuwa cha serikali. Tuliruhusiwa kumcheka mume mlevi, mke mkali, mshtakiwa na mshamba aliyekuja mjini. Rais hakuwa kwenye orodha. Ilibidi tungoje hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walipoanza kumuiga Rais Moi, ndipo taifa likagundua kwamba hata mkubwa ana lafudhi.

6. Kabla ya kuzima. Yakikushinda maagizo yote, shika haya mawili. Kwenye historia, mtafute aliyelipa. Kwenye kichekesho, mtafute asiyechekwa. Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja.