Urari Umegoma

Nimekuwa mhasibu kwa miaka 34, na katika muda wote huo sikuwahi kufunga hesabu za mwezi urari ukiwa na tofauti. Kuna usiku nililala ofisini, kichwa juu ya leja, kwa kuitafuta shilingi moja. Leo nimestaafu, hakuna anayenidai hesabu, na bado kuna kitu kimoja kilichopungua kimeninyima usingizi siku tisa. Hicho kitu ni silabi.

Nianze mwanzo. Kustaafu, asikudanganye mtu, si kupumzika. Kustaafu ni kukaa sebuleni ukiwa kizuizi cha fagio. "Inua miguu, baba watoto." Naiinua. "Sogea huku." Nasogea. Wiki ya tatu mke wangu aliniuliza, kwa upole uliozidi kawaida, kama sina hata msiba wa kuhudhuria.

Na simu nayo ikasusa. Nilipokuwa kazini ililia mpaka natamani kuitupa baharini, maana kila mtu alitaka kujua kama malipo yake yametoka. Siku niliyokabidhi funguo za kasha, kimya. Aliyebaki kunikumbuka ni kampuni ya simu, inayonijulisha kwa heshima zote kwamba salio langu halitoshi. Nalijua hilo. Mimi ni mhasibu.

Binti yangu akashauri nitafute cha kunishughulisha. Nikapanda mchicha, kuku wa jirani wakavuna. Nikaingia jikoni, nikatolewa. Ndipo nikakumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili alivyotukaririsha kwamba shairi ni urari wa vina na mizani. Urari! Mizani! Mbona hiyo ni kazi yangu? Nikanunua daftari la mistari.

Tena sisi watu wa Tanga ushairi tunauchukulia kama samaki: tunaamini umeanzia kwetu. Mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa huku, alikuwa karani wa forodha, mtu wa mafaili kama mimi. Hapo nikajiona nimo. Kisha nikapiga hesabu: alizaliwa 1909, akafariki 1962 akiwa na miaka 53. Mimi naanza nikiwa na 61. Yaani naanza kujifunza miaka minane baada ya umri ambao mwenzangu alikwishamaliza kazi yote. Nikalifunga daftari. Mke wangu akaja na fagio. Nikalifungua.

Sheria zenyewe si nyingi. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku kwenye ukwapi na nane huku kwenye utao, na vina katikati na mwishoni. Ukikosea, shairi lako linaitwa guni, na jina hilo halina dawa. Usifikiri ni mzaha: Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyeandika kitabu cha *Sheria za Kutunga Mashairi*, mwaka 1954, baadaye serikali ilimpa Wizara ya Sheria. Ndiyo ujue tunacheza na nani.

Nikaamua kutunga juu ya jambo ninalolijua, kiinua mgongo. Nikahesabu kwa vidole: ki-i-nu-a-m-go-ngo. Saba. Nikarudia kwa vidole vya mkono mwingine. Saba. Nikaongeza "changu", ikawa tisa. Yaani kiinua mgongo kilikuja pungufu benki, na sasa kimekuja pungufu kwenye ushairi. Na nikidai kuwa ni changu, kinazidi. Siku tisa nilitembea Ngamiani nzima nikigonga vidole pajani. Watu wakaanza kumpa mke wangu pole.

Siku ya kumi, barazani, nikafanya kosa. Nikasoma kwa sauti nilichonacho. Nilitarajia waseme "malenga huyo!" Muuza kahawa akaacha kumimina. Fundi cherehani akatoa pini mdomoni, jambo ambalo hulifanya kwa wateja wakubwa tu. Wakahesabu kwa vidole, wote kwa pamoja, kama watu walio kwenye uradi, kisha fundi akatoa hukumu: "Ukwapi una saba. Hilo guni."

Mjukuu wangu, aliyekuwa amenifuata kuomba hela ya vocha, akajaribu kunitetea. Alisema shuleni wamesoma kwamba siku hizi yapo mashairi huru, na kwamba Kezilahabi aliyatolea kitabu, *Kichomi*, tangu 1974. Nikamwambia mjukuu wangu, mhasibu ambaye hesabu zake ni huru anaishia mahakamani.

Mara ikatoka sauti upande wa pili wa barabara, kwenye karai la vitumbua. Mama yule ana miaka sabini na ushei, na kila alfajiri mimi humwamkia "shikamoo", naye huitikia "marahaba, mwanangu." Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti. "Anza na *si*," akasema. "*Si kiinua mgongo*."

Tukahesabu. Nane. Nane kamili! Silabi niliyoitafuta siku tisa imetoka kwenye mafuta ya moto. Na kabla sijashukuru akamalizia utao: "*ni kipinda cha kiuno*." Baraza zima likacheka, mimi nikiwa wa mwisho, maana kiuno kinachosemwa ni changu.

Tangu hapo shairi si langu tena. Muuza kahawa alileta "wadai wana magongo", na nina wasiwasi alikuwa ananikumbusha deni. Mjukuu, huyohuyo wa mashairi huru, akaukamilisha mshororo huo kwa kujisema mwenyewe. Fundi cherehani alitaka kina cha *ngo*, akanijengea nyumba ya udongo, na hapo ndipo nilipopata kesi kwa mke wangu. "Miaka ishirini nimefagia sakafu ya saruji," akasema, "leo unatangaza mjini tunakaa kwenye udongo?" Nikamweleza kwamba kina ndicho kilichotaka. Akaniuliza kama kina ndicho kitakachonipikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeghushi taarifa, na nimefanya hivyo bila kupata hata senti.

Ubeti wenyewe huu hapa, umekaguliwa:

*Si kiinua mgongo, ni kipinda cha kiuno,*
*Nyumba bado ya udongo, paa halina mfano,*
*Wadai wana magongo, wajukuu wana meno,*
*Nimebaki na maringo, na kalamu na maneno.*

Mshororo wa mwisho ndio wangu. Mmoja kati ya minne, yaani hisa asilimia 25, na hata huo fundi anadai "maringo" aliyataja yeye.

Nilidhani nimemaliza. Sikujua kwamba shairi hujibiwa. Kuna mzee wa barabara ya pili ambaye tulikuwa hatujasalimiana tangu mambo ya mpaka wa uzio. Amemtuma kijana na beti tano, vina vilevile, akisema mwenye kalamu na maneno angetumia hata kimoja kumwomba radhi jirani. Mizani yote sawa, nimehesabu mara tatu nikitafuta kosa. Kwa hiyo namjibu. Kwa hiyo atanijibu. Mke wangu naye anapita na fagio akinong'ona kitu, na nimemwona vidole vinagonga mpini.

Na simu? Jana imelia saa kumi na moja alfajiri. Nikaruka nikidhani kuna msiba. Ni muuza kahawa, hata salamu hakutoa: "Mzee, ule ubeti wako wa jibu, mshororo wa tatu umezidi mmoja."

Nikamwambia hana adabu, kumwamsha mtu mzima usiku kwa ajili ya silabi. Kisha nikawasha taa, nikatafuta miwani, nikaanza kuhesabu.