Muulize Shangazi: Ndoa, Mkwe na Maharage Yasiyoiva

Nilizoea kuulizwa juu ya waume wanaochelewa kurudi. Wiki hii barua zote ni za maharage. Haya, tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Sina muda mrefu kwenye ndoa. Jumamosi nilibandika maharage saa sita mchana, nikatia na nyanya kabisa ili nisisumbuke baadaye. Saa mbili usiku mtungi wa gesi ukaisha, maharage bado yanagonga kijiko kama kokoto. Mume wangu akatoka kwenda kula chipsi mayai. Naogopa kuna mkono wa mtu. – Mke Mpya, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mkono upo, ni wa mwenye duka aliyekuuzia maharage ya msimu wa zamani. Maharage yakikaa sana kwenye joto na unyevu hukakamaa, na yakishafikia hapo unaweza kumaliza mitungi miwili yasilainike. Siku nyingine yamwage kiganjani kwanza. Mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na kuingia ukahawia. Ukiona vitundu vya mviringo, ujue wadudu wamekutangulia kula.

Mkono wa pili ni wako. Uchachu wa nyanya, kama wa ndimu au ukwaju, huzuia maharage kulainika. Nyanya zingoje mpaka punje ibonyee vidoleni, ndipo uunge. Tui zito nalo mwisho kabisa. Chumvi usiiogope: kidogo kwenye maji ya kulowekea hulainisha ganda, ingawa wengi tulikatazwa tangu utotoni. Chambua jioni, loweka mpaka asubuhi, maji yazidi maharage mara tatu. Kuloweka hakuli gesi. Mumeo mwache amalize chipsi zake, atarudi.

*Shangazi, huko Dar wanasema maharage ya Mbeya ni maji mara moja. Mimi niko Mbeya mjini, naongeza maji mara ya tatu na bado hayajaiva. Tunasingiziwa? – Mwenye Sufuria, Mbeya*

Mnasingiziwa. Tena wengi wanaotumia msemo huo wala hawazungumzii maharage. Hao tuwaache na ulimi wao. Mji wenu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati pwani huchemka kwenye 100. Sufuria inatokota kwa kishindo kilekile, lakini joto linaloingia kwenye punje ni pungufu. Kuongeza kuni ni hasara: maji yakishachemka hayapati moto zaidi, yanakauka tu.

Dawa ni kuloweka vizuri na kufunika sufuria, na ukiongeza maji, ongeza ya moto. Ukijaliwa preshakuka, itumie, maana hubana mvuke mpaka joto likaribie nyuzi 120. Maharage yenu yakishushwa Dar yanaiva upesi, na sifa wanachukua wa Dar.

*Shangazi, mama mkwe kashuka kutoka Kibosho na kifurushi cha magadi. Anatia kwenye kila sufuria ya maharage, mchuzi unanuka sabuni. Nikifungua mdomo naonekana sina adabu. – Mkaza Mwana, Moshi*

Mama mkwe ana hoja, kipimo ndicho kimempotea. Magadi hulegeza ile gundi inayoshikilia ganda na nyama ya punje, na hufaa zaidi kama maji yenu ni yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, kwa sababu chokaa hukaza maharage. Anaokoa kuni. Lakini yakizidi yanaua vitamini B1, halafu ndiyo hiyo harufu ya sabuni. Kwa sufuria ya nyumbani, yanayokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai yanatosha.

Usibishane naye. Mwambie, "Mama, hakuna anayejua kiburu kama wewe," umkabidhi sufuria ya ndizi na maharage pamoja na magadi yake. Maharage ya wali loweka wewe usiku, akiwa amelala. Asubuhi yatakuwa yameshalainika, na magadi yatakosa kazi.

*Mambo Shangazi! Nilipika maharage mekundu, njaa ikanishinda nikayala nusu mbichi. Baada ya saa tatu nilitapika sana. Hata yakiiva, siku ya pili ofisini watu wanafungua madirisha. – Bachela, Kimara*

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hukuitoa. Maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini. Punje nne au tano tu zinaweza kukutapisha. Moto wa kufukia hauiondoi. Loweka saa zisizopungua tano, mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto yaive taratibu mpaka laini. Kama ulinunua jiko la umeme la kupikia polepole, usiyatupie humo mabichi.

Kuhusu madirisha: maharage yana sukari ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inatafuta njia. Sehemu ya sukari hizo hutoka kwenye maji ya kulowekea, na wewe ndiyo maji unayopikia! Yamwage. Uyale mara kwa mara pia. Tumbo likizoea, vurugu hupungua.

Kwenu nyote: anayetaka kuniandikia wiki ijayo kwamba maharage yamemshinda, mstari wa kwanza wa barua aseme aliyaloweka saa ngapi. Asiyeloweka simjibu.